Sifuri za Kibingo

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani hapa Kayanga, huwa najibu "takwimu", kisha nangoja wabadilishe mazungumzo. Hubadilisha upesi. Mwenye nyumba wangu, mama wa Muleba anayeuza vitenge sokoni, aliwahi kujitahidi kuliko wengine. Aliuliza takwimu za nini. Nikamwambia za mvua. Akauliza kama naweza kumwambia itanyesha lini. Nikamwambia hapana, kazi yangu ni kujua hatujui kwa kiasi gani. Aliniangalia kwa huruma kama ninaumwa, akanikaribisha senene, wale panzi wa kukaanga, na tangu siku ile hajauliza tena.

Ilivyo ni hivi. Wataalamu wa nchi mbalimbali wametengeneza programu za kompyuta zinazoigiza hali ya hewa ya dunia nzima, nazo huitwa modeli. Unaiuliza modeli: vuli ya wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa itakuwaje miaka mingi ijayo? Moja inasema mvua itaongezeka. Nyingine inasema itapungua. Ya tatu inasema kiasi kitabaki kilekile, ila itanyesha siku chache na kwa fujo. Mkulima wa migomba hawezi kufanya lolote na majibu ya namna hiyo. Basi sisi watu wa takwimu tunazirudisha modeli nyuma. Tunaziuliza kuhusu miaka iliyokwisha kupita, tunalinganisha majibu yake na mvua iliyopimwa kweli, ile iliyoukaribia ukweli tunaipa uzito, ile iliyobabaisha tunaipunguzia. Tukifanya vizuri, upana wa majibu, yaani umbali kati ya jibu la chini na la juu, unabana. Hauishi, unabana tu. Nimeishi kwa kule kubana kidogo kwa miaka mingi. Sina mume wala mtoto, nina grafu.

Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kuna jioni nyingi ambazo sauti pekee niliyoisikia tangu asubuhi ilikuwa ya feni ya kompyuta. Nilizaliwa Ihembe, si mbali na hapa, lakini niliondoka nikiwa msichana wa shule na nikarudi nikiwa mtu wa makamo mwenye Kiswahili cha ofisini na Kinyambo cha kukwaruza. Ndugu walionijua wametawanyika. Niliporudi kufanya kazi ya mradi huu nilidhani narudi nyumbani, kumbe nilikuwa mgeni anayejua njia.

Mradi ulihitaji mvua iliyopimwa, na upande wa Kyerwa vipimo ni vichache mno. Kulikuwa na kimoja Kibingo kilichotufurahisha wote. Kilikuwa kimesimama kwenye shamba la maharage la mkulima mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila siku saa tatu asubuhi mtu alikuwa amekwenda kumimina maji ya mvua yaliyoingia kwenye debe lake kwenye chupa ya kupimia, akasoma, akaandika daftarini. Kwanza alikuwa yule mkulima mwenyewe. Alipofariki, mkewe aliendelea, kwa mwandiko mnene zaidi, bila kuruka hata kisanduku kimoja. Madaftari yote yaliletwa ofisini, nikayapiga picha, nikayaingiza kwenye kompyuta tarehe moja baada ya nyingine, na kwa wiki kadhaa nikawa mtu mwenye furaha.

Furaha ilitokana na jambo moja. Madaftari ya Kibingo yalikuwa na mvua kubwa za kutisha. Siku mbili tatu za sifuri, kisha mvua kubwa ya ghafla, kisha mambo ya kawaida. Ikaonekana ile modeli ya tatu, ya mvua za fujo, ndiyo iliyosema kweli. Ikapanda uzito, nyingine zikashuka, na upana wa majibu ukabana kuliko nilivyowahi kuuona. Nilimpigia simu mkuu wetu wa mradi, yupo Dar es Salaam, nikamtangazia kama mtu aliyejifungua salama.

Mkuu si mtu wa kushangilia haraka. Aliniambia nilinganishe na kipimo cha Mabira, kilicho jirani. Nikalinganisha. Siku ambazo Kibingo walikuwa na sifuri, Mabira ilikuwa inanyesha. Siku ambayo Kibingo ilipata gharika, Mabira ilipata manyunyu. Mara moja ingeweza kutokea, mawingu yana mambo yake. Lakini ilikuwa hivyo mara kwa mara, miaka yote, kwa mwandiko wa mume na kwa mwandiko wa mke.

"Hawaendi kupima," mkuu alisema. "Wanakaa nyumbani, wanaandika sifuri, siku wakijisikia ndiyo wanakwenda. Futa kituo chote. Nenda ukamweleze huyo mama kwa heshima, kipimo tukihamishie shuleni."

Nikabisha kidogo. Kukifuta kituo cha Kibingo kulimaanisha upande ule wote wa Kyerwa unabaki na Mabira peke yake, na hesabu nilikuwa nimeshaijaribu: upana ulifunguka tena, tukarudi palepale pa kumwambia mkulima kwamba mvua itaongezeka au itapungua. Lakini takwimu mbovu ni mbovu. Nikakubali, na moyoni nikamkasirikia mwanamke nisiyemjua kwa kuniharibia grafu.

Nilikwenda kwa bodaboda, nikafika kabla ya saa tatu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha vizuri, barabara ilikuwa tope tupu na nguo zangu zilikuwa na madoa hadi magotini. Nilimkuta yule mama mlangoni amejifunga kitenge kifuani na kingine mabegani, anajiandaa kutoka. Mwembamba, mrefu, mwenye macho yasiyo na haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa mvua? Karibu, ila umetukuta vibaya. Jirani yetu amefariki jana jioni."

Nikampa pole. Akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, nikaweka mbegu mbili mdomoni, nikatazama saa. Ilikuwa saa tatu kasoro. Nikawaza: haya, hii ndiyo nafasi ya kuona kama kweli anapima. Nikangoja ainuke. Hakuinuka. Saa tatu ikafika, ikapita. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikaichukua chupa ya kupimia iliyokuwa dirishani, nikatoka, nikashika njia ya shambani.

Aliniita kwa sauti ambayo sikuitegemea kutoka kwa mtu mwembamba vile.

"Binti! Unakwenda wapi?"

"Kupima mvua, mama. Saa imefika."

"Shambani? Mtu hajazikwa, wewe unaingia shambani? Watu wakuone kwenye maharage yangu, waseme nini?"

Nilisimama na chupa mkononi, na uso ulinichoma. Nilikuwa najua. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilikuwa najua tangu utotoni. Kwetu Ihembe mtu akifariki hakuna anayeshika jembe wala kuonekana shambani mpaka azikwe, na wa karibu hukaa siku zaidi. Mama yangu aliwahi kunichapa kwa kwenda kuchuma maharage siku ya msiba wa jirani tuliyegombana naye. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa, kama mtu anavyosahau namba ya simu ya zamani. Mama mwenyewe alipofariki nilikuwa mbali, kwenye mkutano wa modeli, nikafika siku tatu baada ya mazishi na kuondoka baada ya siku mbili. Sikuuliza ni nani aliyeacha jembe kwa ajili yake.

Nilirudi ndani, nikaweka chupa dirishani, nikaomba msamaha. Tukaenda wote msibani. Nilikaa kwenye majani ya migomba yaliyotandikwa chini, katikati ya wanawake ambao hawakuniuliza mimi ni nani, na kwa saa kadhaa nilikuwa mmoja wao. Wengine walikuwa wanaongea Kinyarwanda kwa sauti ya chini, wengine Kinyambo, na nilielewa nusu tu. Ilitosha.

Tulipokuwa tunarudi ndipo nilipouliza.

"Mama, siku kama hizi, daftarini mnaandika nini?"

"Sifuri."

"Na mvua iliyonyesha?"

"Imo kwenye kipimo, haiendi popote. Tukishazika tunaenda tunaipima yote. Bwana aliyekuja kukisimika alituambia tusiache kisanduku kitupu hata siku moja. Mume wangu alikuwa mtu wa kushika neno. Hakupima, akaandika sifuri. Kwani si sawa?"

Sikujua nicheke au nilie. Zile gharika zangu, ile modeli niliyoipandisha cheo, ilikuwa mvua ya siku tatu nne iliyosubiri maiti azikwe. Hapakuwa na uvivu wala uongo. Na hapakuwa na haja ya kufuta chochote, maana sisi watu wa takwimu tuna namna ya kushughulikia jumla ya siku kadhaa: huiambii hesabu kwamba mvua ilinyesha siku ile, unaiambia kwamba ilinyesha ndani ya siku hizi, sijui ipi. Unaongeza shaka kidogo mahali pake, ili uipunguze mahali pengine. Nilimwambia si sawa sana, lakini inarekebishika. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimekuja kukiondoa kipimo. Alinipakulia ndizi na maharage, nikala.

Mkuu alinisikiliza kwenye simu hadi mwisho.

"Hadithi nzuri," alisema. "Thibitisha. Kila pengo lipatie kifo chake, na usimwulize yeye. Tafuta kwingine."

Basi nikawa msomaji wa mazishi. Kwa wiki mbili nilishinda kwenye ofisi ya parokia, kwa Walutheri, na kwa mtendaji wa kijiji, nikiwa na orodha yangu ya mapengo upande wa kushoto na vitabu vyao upande wa kulia. Karani wa parokia alinihurumia, akawa ananiletea chai. Ilikuwa kazi ya upweke wa aina yake. Nilikuwa nawajua watu wa Kibingo kwa siku walizozikwa tu. Huyu alikuwa mzee, huyu mtoto wa miaka minne, hawa wawili walikuwa mtu na mkewe katika mwezi mmoja. Pengo moja moja lilipata mwenyewe. Kila lilipopata nilijikuta nafurahi, halafu naona haya, maana nilikuwa nafurahia kifo cha mtu.

Jioni nilikuwa narudi chumbani kwangu, napika chakula cha mtu mmoja, nawaza mambo ambayo mtu hapaswi kuyawaza akiwa na sahani mkononi. Kwamba mimi nikifariki, kwenye nyumba hii ya kupanga, hakuna shamba hata moja litakalonyamaza. Mwenye nyumba atafunga duka nusu siku, kwa adabu.

Mwisho wake mapengo yote yalipata wenyewe, isipokuwa moja. Lilikuwa refu kuliko yote, siku sita za sifuri katikati ya vuli, kisha siku ya saba kiasi kikubwa kupita vyote kwenye madaftari. Mwandiko ulikuwa wa mume. Nilitafuta parokiani, nikatafuta kwa Walutheri, nikatafuta kwa mtendaji. Miezi ile hakuna aliyezikwa Kibingo.

"Hilo ndilo lile lenye gharika kubwa kuliko zote," mkuu alisema. "Linavuta hesabu peke yake. Kama alikaa siku sita bila sababu, nitajuaje siku nyingine alizokaa? Nipe sababu kufikia Ijumaa, la sivyo kituo kinatoka na kipimo kinahama."

Nikarudi Kibingo. Safari hii nilipiga moyo konde, nikamweleza yule mama kila kitu tangu mwanzo, kwamba nilitumwa kuja kukiondoa kipimo chake, kwamba niliketi kwake nikala nikiwa nalijua hilo, na kwamba sasa kimebaki kitu kimoja. Alinisikiliza huku anapembua maharage kwenye ungo. Mikono yake ilisimama.

"Ulikula kwangu na neno hilo moyoni?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Mimi kila asubuhi nina mahali pa kwenda," alisema. "Watoto wako Mwanza, wengine Bukoba. Mzee kaondoka. Saa tatu ikifika nina kazi, nina mtu anayenisubiri, hata kama mtu huyo ni debe. Na nyie mlitaka kulibeba tu hivihivi, kwa sababu ya sifuri."

Akapembua maharage yake, kisha akaniambia haya, leta hicho kitu kimoja.

Nilimfungulia daftari lenyewe, si picha. Nikamwonyesha zile sifuri sita na namba ya siku ya saba. Yeye husoma polepole, kidole juu ya karatasi. Aliusoma mwezi, akausoma mwaka. Akarudi tena kwenye mwezi. Nikamwambia kwamba siku hizo hakuna aliyefariki kijijini, nimetafuta kila mahali, labda mzee alisafiri, labda aliumwa, akumbuke tu.

"Hakusafiri," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimesafiri."

Akaweka ungo chini. Aliniambia akiwa anaangalia mlango. Siku hizo alikuwa hospitalini, alikwenda kujifungua. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa, msichana. Yeye mwenyewe alibaki kitandani kwa sababu ya damu, na mumewe akamchukua mtoto amefungwa kwenye kanga, akarudi naye kwa gari la watu, akamzika kwenye kibanja, migombani nyuma ya nyumba, yeye na kaka yake alfajiri. Hakutangaza. Mtoto wa namna hiyo hakuwa na msiba, hakubatizwa, hakuandikwa mahali, watu hawakai matanga. Majirani walijua, wakanyamaza, wakaendelea kulima.

"Siku niliyorudi," alisema, "nilishuka pale barabarani nikatembea peke yangu. Nikamkuta shambani. Kwenye maharage, analima. Alinyanyua kichwa akasema, umefika. Akaendelea kulima. Hakusema neno jingine. Si siku hiyo tu, hajasema mpaka anakufa. Tukapata watoto wengine, akawa baba mzuri, sina la kumlaumu. Lakini lile jembe sikumsamehe. Nilikuwa nalala naye nasema moyoni, wewe ulilima. Mtoto wetu ana siku chache chini ya udongo na wewe unalima. Mume wangu nilimzika bado nimemkasirikia, mwanangu. Watu walidhani nalia, kumbe nilikuwa na hasira."

Nikamwuliza, na niliona aibu kwa jinsi sauti yangu ilivyotoka ya ofisini, kama anakumbuka alilala hospitalini siku ngapi.

Alihesabu kwa vidole. Jumapili alikwenda. Mtoto alizaliwa usiku huo, akazikwa alfajiri ya Jumatatu. Yeye aliruhusiwa Jumapili iliyofuata. Akahesabu tena, safari hii juu ya karatasi, kidole kikipita kwenye sifuri moja baada ya nyingine. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Kidole kilifika kwenye ya sita, Jumamosi, kikasimama. Chini yake ilikuwa ile namba kubwa, Jumapili, siku aliyoshuka barabarani akamkuta mumewe ameshika jembe.

"Hakuingia shambani," alisema.

"Hapana, mama."

"Siku sita."

"Siku sita zote. Ni hiyo Jumapili asubuhi ndipo alipokwenda kupima."

"Una hakika huu ni mwandiko wake?"

Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimeusoma mwandiko wa mtu yule kwa miezi mingi, tarakimu kwa tarakimu. Nilijua jinsi alivyokuwa anaifunga sifuri yake kwa mkia mdogo upande wa juu. Nikamwonyesha ule mkia. Aliutazama kwa karibu sana.

Nitangulize mwisho wa upande wa kazi, maana wenzangu watataka kujua. Kituo cha Kibingo kilibaki kwenye hesabu, na kipimo kilibaki kwenye maharage. Modeli ya mvua za fujo ilishuka mahali pake, nyingine zikapanda kidogo, na upana wa majibu ulibana, si sana kama nilivyotamba mwanzoni, lakini kwa haki. Mkuu aliniuliza kwenye simu sababu ya zile siku sita ilikuwa nini. Nikamjibu kwa neno moja, hakuuliza zaidi, na nilimshukuru kwa hilo.

Lakini siku ile, pale ndani, bado sikuwa nimeandika kitu. Mwisho wa kila mstari daftarini kuna safu ya maelezo, ambayo kwa miaka yote ilikuwa haijatumika. Nikamwambia mama kwamba natakiwa kuijaza. Nikamwambia pia kwamba asipotaka nitaandika ugonjwa, au safari, hakuna atakayejua.

Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Andika msiba," alisema. "Nilidhani nililia peke yangu."

Niliandika. Sikutaka auone uso wangu, kwa hiyo niliinama juu ya daftari kwa muda mrefu kuliko lile neno lilivyohitaji.